Wazazi wa watoto wa miezi saba Lubumbashi: tutembee Novemba, lakini pesa isiende kununua kuvezi

Mama_Katuba (mwanzisha uzi)

Wamama na wapapa wa Lubumbashi, salamu. Na nyinyi mnaosoma mkiwa Likasi, Kolwezi, Dar au ng'ambo, karibuni pia.

Sisi wazazi kadhaa, tuliojuana kwenye mabenchi ya neonatolojia (sehemu ya hospitali ya watoto wachanga), tunaandaa matembezi ya hisani ya familia zilizozaa watoto wa miezi saba. Yatafanyika Jumamosi inayotangulia tarehe 17 Novemba, Siku ya Dunia ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Kutembea hakuna anayepinga. Mabishano ni ya pesa. Wengi kwenye kundi letu la WhatsApp wanataka tuchangishe, tununue kuvezi moja (sanduku la umeme la kumpa mtoto mchanga joto), tuipeleke hospitali, tukate utepe. Mimi nasema hapana, na nimekuja kulisema hapa kwa kirefu kwa sababu kule mazungumzo yanapita haraka mno kwa jambo lenye uzito huu.

Tusidhani tuko wachache. Mtoto akizaliwa kabla ya wiki 37 amezaliwa mapema, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 peke yake walizaliwa hivyo watoto milioni 13.4, karibu mmoja katika kila kumi. Matatizo ya kuzaliwa mapema ndiyo yanayoongoza kwa kuua watoto walio chini ya miaka mitano duniani. Kwa hiyo ukipita barabara yoyote ya komini ya Kenya au Kampemba hapa mjini, nyumba iliyopitia haya iko hapo, ila watu hawasemi.

Sasa kuvezi. Sina ugomvi nayo. Lakini kuvezi inataka umeme usiokatika, fundi anayeijua, vipuri, dawa ya kuisafishia kila mtoto anapotoka, na muuguzi wa kuiangalia. Umeme wetu tunaujua. Na baridi ya Lubumbashi ya mwezi wa sita na wa saba tunaijua pia: mji uko juu, kama mita 1,200, na usiku hata mtu mzima analala na sweta. Kuvezi iliyozimika usiku wa Julai haimpi mtoto joto lolote. Tena nimeona kwa macho yangu watoto watatu ndani ya kuvezi moja kwa sababu nyingine mbili zilikuwa zimekufa, zimefunikwa shuka pale ukutani. Wakikaa watatu hivyo, ugonjwa wa mmoja ni wa wote.

Binti yangu aliokolewa na kifua. Njia yenyewe, ya kumbeba mtoto kama kangaruu, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria na mwenzake Héctor Martínez walipokuwa na watoto wengi kuliko kuvezi. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi, kofia na soksi. Anasimamishwa wima katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, magoti yamekunjwa na kupanuliwa. Kitambaa kinafungwa mpaka chini ya sikio ili shingo isianguke mbele ikaziba pumzi, lakini kwenye tumbo kinalegezwa kidogo apumue. Mama haketi wima kabisa wala halali chali; anaegemea. Ukiweka mkono mgongoni mwake chini ya kitambaa, unasikia pumzi fupifupi, halafu kimya kidogo, halafu inarudi. Ile kimya ukiisikia unamsugua mgongo kwa vidole viwili, na anakumbuka kupumua.

Sisemi haya kwa imani tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulichukua watoto wa kuanzia kilo 1 mpaka chini ya kilo 1.8. Wale waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza hali itulie, vifo vyao vilikuwa 12%. Wale waliongoja, 15.7%. Robo ya vifo imepungua. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa sababu ilionekana si haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 WHO ikatoa miongozo: kifuani mara moja, saa 8 mpaka 24 kwa siku, hospitalini na nyumbani.

Saa 24! Jamani wapapa, hebu tuulizane: mama anayekaa hivyo anakula nini? Hospitali hailishi, chakula kinatoka nyumbani. Anayempikia ni nani, kama yeye ndiye mpishi? Meza yake ya sokoni inauzwa na nani? Wale watoto wengine wawili watatu wako kwa nani? Nimewaona wamama wakimfungua mtoto kifuani saa kumi jioni, wanamwacha kitandani, wanakimbilia teksi kwenda kuwasha mbabula wapike bukari, warudi usiku. Si kwamba hawampendi. Na mama asipokula, maziwa yanapungua, na maziwa yale ndiyo dawa.

Halafu kuna deni. Mimi daktari aliniruhusu kwenda nyumbani, na bado nikabaki hospitalini (sitaitaja) kwa sababu hatukuwa tumemaliza kulipa, na kila usiku wa kubaki ukaongezwa kwenye hesabu. Mume wangu aliuza pikipiki. Ile pikipiki ndiyo ilikuwa inatulisha.

Pendekezo langu: pesa ya matembezi iwe mfuko wa mama aliyelazwa na mtoto wa miezi saba. Chakula chake, teksi ya anayemletea, vitambaa, kofia, kiti cha kuegemea, na sehemu ya deni la mwisho. Semeni.

Papa_Mapasa

Mama Katuba, nakuheshimu na kila mtu hapa anajua umefanya kazi gani kwa hili kundi. Lakini nitakupinga wazi.

Mapasa wangu mmoja alikuwa na gramu 1,100, mwingine 950. Yule mdogo hakuweza kupumua peke yake. Kifua cha mama yake kilikuwepo, kifua changu kilikuwepo, na bila oksijeni tungemzika. Ukisema "kifua kinatosha" utawafanya watu waone mashine ni anasa ya matajiri.

La pili ni la kuchangisha. Nimefanya biashara mjini hapa miaka mingi. Ukienda kwa mwenye duka ukamwambia nataka kununua mashine ya kuokoa watoto, anaitika na anataka jina lake libandikwe pale. Ukimwambia nataka kumnunulia mama maharagwe na mafuta, atakuambia hayo ni ya mume wake. Mnaweza kukasirika, lakini ndivyo ilivyo.

Na wapapa tusiachwe nje ya hii habari. Mmoja nilimfunga kifuani mwangu, na yule mwingine alifungwa na mke wangu. Wajomba zangu walikuja kutuona wakanyamaza wote. Mmoja alisema hajawahi kuona mwanaume anafanya hivyo. Nikamwambia: sasa umeona.

Muuguzi_wa_Usiku

Nafanya kazi katika chumba cha hao watoto. Naomba mnisikilize wote wawili, kwa sababu mnabishana juu ya kitu ambacho hakijagawanyika.

Huo utafiti aliotaja Mama Katuba, watoto hawakutolewa kwenye mashine. Mama aliletwa kulala ndani ya chumba kile kile cha uangalizi, mtoto akabaki kifuani huku anapewa oksijeni, huku mpira wa chakula uko puani. Kwa hiyo Papa Mapasa, mdogo wako angeweza kupewa hewa akiwa juu ya kifua chako. Kinachokosekana mara nyingi ni kitanda cha mama na nafasi ya kukiweka, na sheria za chumba zinazomfukuza mama arudi saa ya kunyonyesha tu.

Vinavyowaua usiku ni baridi, sukari kushuka, kusahau kupumua, na uambukizo. Kifua kinasaidia kwa yote manne, lakini kwa pumzi hakitoshi kwa wale wadogo sana. Kama mnataka kununua kifaa, msinunue kuvezi. Nunueni kipimo cha oksijeni cha mguuni chenye saizi ya mtoto mchanga, maana kile cha watu wazima kinatudanganya. Bila kipimo tunampa mtoto oksijeni kwa kukisia. Ikiwa ndogo anakufa. Ikizidi, inaharibu macho, na yupo mtoto aliyepona mapafu akatoka kipofu. Tunataka isomeke kati ya asilimia 90 na 95. Baada ya hapo, mashine ya kusukuma hewa puani, ile CPAP; ipo aina rahisi inayotumia chupa ya maji yenye mapovu. Na kafeini ya dawa, ya kuwakumbusha kupumua.

Kitu kingine ambacho sijaona mtu anataja. Mapafu ya hawa watoto yana upungufu wa ute unaozuia vifuko vya hewa kujifunga. Daktari Mary Ellen Avery alilionyesha hilo mwaka 1959. Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alimpoteza mwanawe Patrick kwa shida hiyo hiyo: kilo 2.1, hakumaliza siku mbili. Pesa yote ya Ikulu haikusaidia. Leo mtoto wa kilo 2.1 hapa Lubumbashi tunategemea apone. Mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba sindano anayopewa mama *kabla* ya kuzaa inakomaza mapafu ya mtoto. Dawa hizo hazina bei kubwa. Ila mama lazima afike mapema, mahali penye huduma ya kutosha, umri wa mimba ukiwa unajulikana. Mama asiyeenda CPN (kliniki ya wajawazito) tutamjuaje ana wiki ngapi? Kwa hiyo siku ya kutembea mseme hili kwa megafoni: maji yakivuja, tumbo likikaza kabla ya mwezi wa tisa, kichwa kikiuma na uso kuvimba, homa ikikushika, usingoje kesho. Malaria na presha ya mimba zinatuletea watoto wengi hawa.

Mwana_Lshi

Tantine, swali. Bibi yangu anasema mtoto wa miezi saba anaishi ila wa minane hafiki. Ndiyo sababu watu wanaogopa mwezi wa nane. Kuna ukweli?

Muuguzi_wa_Usiku

Hakuna. Kila wiki anayoongeza tumboni inamwongezea nguvu. Wa minane ana nafasi nzuri kuliko wa saba, na wa saba kuliko wa sita. Msalimie bibi kwa heshima, lakini umwambie. Nimeona familia imekata tamaa na mtoto wa miezi minane mwenye kilo 2 kwa sababu ya maneno hayo, wakachelewa kumleta alipoacha kunyonya.

Kaka_Texas

Nilikulia Ruashi, sasa niko Texas na familia. Nimesoma uzi wote. Niwape habari za huku kidogo, kwa sababu haya matembezi yana historia.

Shirika linaloyaandaa huku linaitwa March of Dimes. Rais Roosevelt alilianzisha mwaka 1938 kupambana na polio, ugonjwa uliomkumba yeye mwenyewe. Msanii Eddie Cantor akawaomba watu watume dime, sarafu ya senti kumi, moja kwa moja Ikulu, na barua zikamiminika. Senti hizo ndizo zilizomsaidia Jonas Salk mpaka chanjo ikapatikana mwaka 1955. Polio ilipodhibitiwa hawakufunga ofisi. Walihamia kwa afya ya watoto wachanga. Mwaka 1970 matembezi yao ya kwanza yalifanyika San Antonio hapa Texas na Columbus, Ohio. Tangu 2008 yanaitwa March for Babies.

Nilichokipenda ni jinsi familia zinavyokuja. Kila familia ni timu. Wanavaa fulana zenye jina la mtoto wao, bibi, babu, majirani, hata muuguzi aliyemhudumia. Wiki kadhaa kabla wanapita kwa wenzao wa kazini na kanisani wakiomba kila mtu atoe kidogo. Tajiri haombwi abebe kila kitu. Papa Mapasa, ndipo ninapotofautiana nawe: mwenye duka mmoja anayetaka jina lake libandikwe atawaamulia mnunue nini. Watu mia tano wa franka elfu mbili hawatawaamulia.

Mama_Katuba

Kaka, hiyo ni likelemba (kuchangiana kwa zamu), na sisi wamama wa soko likelemba tunaijua kuliko benki yoyote. Aksanti sana. Umenipa cha kumwambia Papa Mapasa.

Binti_Kamalondo

Jambo yenu bote. Miye nilizalaka mutoto mwanaume wa myezi sita na nusu. Alibakia siku mbili akakufa. Balimuzika asubui, miye nikiwa kitandani ku lopitalo, sikumuona tena. Ku familia balisema: usilie, haikuwa mutoto bado, utazala ingine. Nilikuwa nimemupatia jina, lakini hakuna mutu analiitaka.

Nauliza tu: miye mwenye sina mutoto wa kubeba, naweza kutembea na ninyi, ao hii njo ya benye batoto babo balipona? Sitaki kuletea bantu huzuni siku yabo.

Mama_Katuba

Dada yangu, pole. Pole sana. Alikuwa mtoto, na alikuwa na mama.

Utatembea mbele, pamoja nasi tunaoshika bango. Jina lake utaliandika kwenye fulana yako, na asiyelijua atalisoma. Kama kuna mama mwingine anayesoma hapa kimya, anaogopa kuuliza hivyo hivyo, jibu ni hilo hilo. Nilitoka na binti yangu akiwa hai. Yule wa kitanda cha jirani, aliyenifundisha kukamua maziwa kwa mkono, alitoka na nguo tupu kwenye mfuko. Sijui leo yuko wapi, na ningependa kumwona siku hiyo kuliko meya.

Kaka_Texas

Binti wa Kamalondo, huku pia wapo wengi wanaotembea kwa ajili ya mtoto waliyemzika. Hakuna anayewaambia wanaharibu siku. Usibaki nyumbani.

Papa_Mapasa

Dada, mimi na mke wangu tutakuwa upande wako. Njoo.

Dada_wa_Dar

Poleni na hongereni ndugu zetu wa Lubumbashi. Huku kwetu Tanzania mambo yalianza kusogea pale waliozaliwa njiti (kabla ya wakati) wenyewe walipojitokeza kusema. Doris Mollel alizaliwa njiti, na taasisi yenye jina lake imepeleka vifaa katika hospitali nyingi. Kelele za wazazi zikafika hadi kwenye sheria: mwaka 2025 sheria za kazi zilibadilishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Kwa hiyo msiishie kwenye michango. Mkitembea, bebeni na ombi.

Halafu rangi ya siku hiyo ni zambarau. Watu wengi hutundika soksi kwenye kamba, tisa jozi za kawaida na moja ndogo ya zambarau, kuonyesha yule mmoja katika kumi. Haigharimu kitu na watoto wa shule wanaielewa mara moja.

Mama_Katuba

Dada wa Dar, hili la ombi ni la maana. Sheria ya kazi ya Congo inampa mama wiki 14, na baada ya kuzaa hazizidi 8. Mtoto wa miezi saba anazimaliza nyingi akiwa bado hospitalini. Mama anarudi kazini siku ambazo mtoto alipaswa ndiyo kwanza azaliwe! Tutaliandika kwenye bango kwa Kifaransa na Kiswahili. Najua wengi wetu hatuna mwajiri, tunauza wenyewe, na sheria haitugusi. Lakini walimu na wauguzi wako kati yetu, na wanaumia.

Papa_Mapasa

Nimefikiri usiku. Narudisha nusu ya neno langu, nusu nabaki nayo. Kuvezi tuache. Lakini kipimo cha mguuni alichosema Tantine, nakitaka, na nitakitafutia pesa mimi kwa wenye maduka, nje ya mfuko. Wakitaka jina lao libandikwe, libandikwe kwenye kipimo. Mfuko wa mama ubaki wa watu wadogo, asiuguse mtu mkubwa. Ninachodai ni hesabu: kila franka iliyoingia na iliyotoka ibandikwe hapa hapa, na jina la mama aliyesaidiwa lisiandikwe.

Mama_Katuba

Nakubali yote, Papa Mapasa, na nakushukuru. Basi hivi ndivyo tutakavyokwenda, msahihishe palipo na kasoro.

Barua ya kwenda meri (ofisi ya meya) itatangulia. Ibara ya 26 ya katiba inataka tuwajulishe wakuu kwa maandishi, na nataka tuwe na nakala yenye muhuri mkononi, asije mtu akatusumbua njiani tukiwa na watoto. Tunaanzia Place de la Poste asubuhi na mapema. Novemba mvua inapenda kuja mchana. Tunaelekea hospitali ya Sendwe, mwendo wa wazee na wajawazito, bila kukimbia. Hatuingii vyumba vya wagonjwa. Wawili tu watakabidhi vitambaa na kofia mlangoni.

Watoto waliotoka hospitali karibuni wasiletwe. Umati una kikohozi, na hawa mapafu yao bado. Aje papa au shangazi na fulana yenye jina.

Mchango ni franka 2,000 kwa familia, anayeweza zaidi aongeze, asiyeweza aje na miguu yake. Wanaotunza ni watu watatu, mmoja wao lazima awe papa.

Muuguzi_wa_Usiku

Kwa wanaoshona: kofia ziwe za pamba au sufu laini, zifike chini ya masikio, bila kamba za kufunga shingoni. Shoneni za saizi ya chungwa dogo na za saizi ya chungwa kubwa. Za mtoto wa miezi tisa tunazo nyingi, hazitusaidii. Vitambaa viwe vya pamba inayovutika kidogo, virefu vya kuzunguka kifua cha mama mara mbili, na vifuliwe kabla ya kuletwa. Viti vya kuegemea, hata vya mbao vyenye mgongo uliolala, vinafaa, mradi viwe na mahali pa kuweka mikono.

Binti_Kamalondo

Miye niko na mashini ya kushona. Munitumie vipimo.